Arobaini Kasoro Moja

Katika Talmudi ya Babeli, kwenye kitabu chake kinachohusu Sabato, upo ukurasa mmoja ninaourudia kila nipatapo nafasi. Unaeleza jinsi wanavyuoni wakubwa wa Kiyahudi walivyokuwa wakihangaika jikoni siku ya Ijumaa. Rav Safra akibabua kichwa cha mnyama. Rava akimtia samaki chumvi. Rav Hisda akikatakata mboga. Raba na Rav Yosef wakipasua kuni. Rav Papa, aliyetajirika kwa kutengeneza pombe ya tende, akisokota tambi za taa kwa vidole vyake mwenyewe. Na Rabi Abahu ameketi kwenye kigoda cha pembe ya ndovu, anapepea moto.

Kigoda cha pembe ya ndovu, na moshi machoni! Watu hawa hawakukosa wa kumtuma. Walikuwa na wanafunzi waliotoka mbali kuja kuwasikiliza. Lakini ipo kazi waliyoona haitumwi mtu, nayo ni kumtayarishia Sabato, mgeni huyu anayeingia Ijumaa jioni. Mgeni wa heshima hupokewa na mwenye nyumba.

Wengi wetu tukisikia Sabato ya Wayahudi tunafikiria makatazo: usiwashe, usizime, usibebe, usiandike. Makatazo yapo, tena tele. Ila kuitazama Sabato kwa upande huo tu ni kama kwenda kwa seremala ukahesabu vipande vya mbao alivyovitupa. Katika Torati, kitabu cha Kutoka sura ya 31, Waisraeli wanaambiwa waishike Sabato, kisha linafuata neno la pili, na neno hilo kwa Kiebrania ni kitenzi cha kufanya, kile kile cha mtu anayeunda meza au kushona nguo. Sabato inatengenezwa. Ina vifaa na vipimo, ina saa zake, ina wajuzi wake, na iliyotengenezwa ovyo hujulikana.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yetu imekwisha kutufundisha nusu ya somo. Bibi yangu akisema "usiku wa Ijumaa" alikuwa na maana ya usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, kwani kwake siku ilianza jua likizama. Kwa Myahudi ni vivyo hivyo, na ndiyo maana Sabato ya Jumamosi huingia Ijumaa magharibi. Tena sisi tunazitaja siku kwa hesabu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, kutoka Ijumaa kwenda mbele. Kiebrania nacho kinahesabu, ila kinaanzia Jumapili: siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Hakuna hata moja kati ya hizo sita yenye jina lake. Jina limewekewa ya saba peke yake, Shabbat. (Alhamisi yetu, ambayo maana yake ni "ya tano" ingawa tayari tunayo Jumatano, tuliipata kwa Waarabu, nao kama Wayahudi wanahesabu kuanzia Jumapili.) Kwa hiyo juma la Myahudi ni ngazi, na kila siku ni kipandio. Shammai, mwanachuoni aliyeishi zama za Mfalme Herode, akimwona sokoni mnyama aliyenona, humnunua na kusema huyu ni wa Sabato. Katikati ya juma akimwona aliyenona zaidi, humchinja wa kwanza na kumweka wa pili. Hivyo hata nyama ya Jumanne aliila kwa ajili ya Sabato.

Ukurasa ule ule wa Rabi Abahu unasimulia pia habari za Yosef, aliyepewa jina la Mthamini Sabato. Jirani yake tajiri alitabiriwa na wanajimu kwamba mali yake yote italiwa na Yosef. Akaiuza mali yote, akanunua lulu moja, akaificha kwenye kilemba. Siku anavuka mto, upepo ukampeperushia kilemba majini, na samaki akaimeza lulu. Samaki akavuliwa, akaletwa mjini Ijumaa jioni, saa ambayo wateja wamekwisha kwenda zao. Nani atamnunua saa hizi? Mpelekeeni Yosef, watu wakasema, yeye ndiye hununua. Yosef akamnunua, akampasua, akaikuta lulu. Wengine hupenda lulu katika hadithi hii. Mimi napenda wale wavuvi waliosimama na samaki mmoja jua likizama, na mji mzima unajua mlango wa kubisha.

Sasa makatazo yenyewe. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliofanywa na Rabi Yehuda Hanasi karibu mwaka 200, inasema kazi zisizofanywa siku ya Sabato ni arobaini kasoro moja. Sikuongeza madoido, ndivyo zilivyohesabiwa kwa Kiebrania. Orodha inaanzia shambani: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, kuchambua, kusaga, kuchekecha, kukanda, kuoka. Hizo ni 11, na mwisho wake una mkate mkononi. Zinafuata 13 za nguo, kuanzia kumnyoa kondoo manyoya hadi kushona mishono miwili na kurarua ili kuishona. Kisha tisa za ngozi, kuanzia kumtega paa hadi kuandika herufi mbili na kuzifuta. Zinamalizia sita: kujenga, kubomoa, kuzima moto, kuwasha moto, kupiga nyundo lile pigo la mwisho linalokamilisha kitu, na kukihamisha kitu kutoka mahali pa mtu binafsi kwenda mahali pa umma.

Isome orodha hiyo kwa sauti. Ni kijiji kizima cha mafundi. Wanavyuoni walisema hizi ndizo kazi zilizohitajika kuliunda lile hema takatifu jangwani, na neno la Kiebrania linalotumika, melakha, lina maana ya kazi ya ufundi, kazi inayoacha kitu kipya duniani. Jasho halihesabiwi. Ukiihamisha meza nzito kutoka pembe moja ya sebule yako hadi nyingine mpaka ukahema, hujagusa hata moja katika zile 39. Ukiandika herufi mbili kwa kalamu, umegusa. Kwa nini mbili? Kwa sababu waliuliza swali ambalo fundi yeyote angelipenda: kazi inaanza wapi kuwa kazi? Mshono mmoja huchomoka. Miwili inashika. Sijui maandishi mengine ya kale yaliyoutazama mkono wa mshonaji kwa makini kiasi hicho, na yameutazama hivyo ili yaweze kumwambia, leo upumzike.

Tuchukue kuchambua tu, kazi ya saba. Sisi tunaijua toka utotoni: mchele umetandazwa kwenye ungo, mama anausukuma kidogo kidogo kwa vidole, mawe na chuya vinatolewa, mchele unabaki. Siku ya Sabato haifanywi hivyo. Ukitaka kutenganisha vilivyochanganyika, unatoa kizuri kutoka kwenye kibaya, wala si kibaya kutoka kwenye kizuri. Unatumia mkono, hutumii chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo. Na unatoa cha kula sasa hivi, si cha kuweka. Karanga zikichanganyika na maganda yake, okota karanga, maganda yaache yalipo. Kazi inageuka kuwa kula.

Basi fikiria samaki mwenye miiba mezani. Kuutoa mwiba ni kutoa kibaya kutoka kwenye kizuri. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walilimaliza jambo hilo mapema: Ijumaa samaki alitolewa miiba yote, akasagwa na vitunguu, akachanganywa na mayai, akafinyangwa madonge yakachemshwa polepole. Zipo sababu nyingine za chakula hicho kupendwa, umaskini ukiwamo, kwani samaki mmoja hivyo hutosha wengi. Lakini hii ya mwiba ndiyo inayonifanya nimheshimu mpishi. Amekaa Ijumaa akaiona meza ya Jumamosi, akaona mkono wa mtoto ukienda kwenye mwiba, akauondoa mwiba.

Mkate wa Sabato unaitwa hala. Zamani jina hilo halikuwa la mkate, lilikuwa la kinyofu kilichotengwa kwenye donge kabla ya kuoka, fungu la kuhani. Hekalu halipo tena, na kinyofu kinaunguzwa, lakini hakijaachwa. Unga ukifikia ujazo wa mayai 43 na sehemu moja ya tano, kukitenga ni wajibu. Na kwa kuwa kila herufi ya Kiebrania ni namba vilevile, jumlisha herufi za neno hala: ni 43.

Mayai yanapasuliwa moja moja ndani ya glasi, na kila moja linainuliwa kwenye mwanga kutazamwa kama lina doa la damu, kabla halijaruhusiwa bakulini. Mafuta ni ya mimea, si siagi, kwa sababu mezani kutakuwa na nyama, na nyama na maziwa haviliwi pamoja. Donge linakandwa mpaka likibonyezwa kwa kidole linarudi lenyewe. Linafunikwa, linaumuka, linagawanywa, na hapo ndipo kazi inaponifanya nivute kiti karibu.

Aliyewahi kukaa na wasukaji wa ukili ataielewa upesi kuliko mtu mwingine. Nyuzi sita za unga zimebanwa pamoja upande wa kichwani, zimetandazwa mezani. Unaanza na uzi wa kulia kabisa: juu ya mbili, chini ya mmoja, juu ya mbili. Kisha ule ambao sasa ndio wa kulia kabisa: juu ya mbili, chini ya mmoja, juu ya mbili. Mizunguko ya kwanza haionyeshi chochote, ni fundo la unga tu. Halafu mgongo unajitokeza katikati, umenyooka, na pande zote mbili zinaanza kufanana. Mikono ya mzoefu haivuti. Anaulaza uzi, anauachia nafasi, kwa sababu anajua unga utaumuka mara ya pili na kuijaza nafasi ile wenyewe. Uliokazwa sana hupasuka ubavuni ndani ya oveni. Yai linapakwa juu kwa brashi, hata kwenye mabonde ya msuko, ili rangi isiache mabaka meupe.

Mikate ni miwili, kwa kumbukumbu ya mana, iliyoshuka maradufu siku ya Ijumaa ili Sabato asitoke mtu kuokota. Nyuzi sita mara mbili ni 12, kama mikate 12 iliyowekwa zamani mbele ya Mungu. Chini yake kuna kitambaa na juu yake kuna kitambaa, kama umande uliokuwa chini na juu ya mana. Kitambaa cha juu kina sababu nyingine tena. Siku za kawaida mkate ndio unaotangulia kubarikiwa mezani. Ijumaa usiku divai inatangulia. Kwa hiyo mkate unafunikwa, usije ukaona aibu kupitwa. Nimekwisha kusoma vitabu vingi vya adabu za mezani, na sijaona adabu iliyofika mpaka kwa mkate.

Saa ya mwisho ya Ijumaa ni ya maswali madogo madogo. Balbu ya friji imelegezwa, isije ikawaka mlango ukifunguliwa? Karatasi ya msalani imekwisha kukatwa vipande? Swichi za taa zimetegewa saa? Maji yamechemka, yamewekwa palipo na joto? Mifuko ya koti ni mitupu? Kila swali lina mtu wa zamani aliyesahau.

Halafu chungu. Moto hauwashwi, hakipikwi kitu, na bado mchana wa Jumamosi unatakiwa mlo wa moto, kwa kuwa kuifurahisha Sabato ni wajibu kama kuilinda. Jibu ni chungu kinachowekwa Ijumaa kwenye moto mdogo uliofunikwa, kikiachwa mpaka kesho. Sheria inataka kiwe kimeiva kiasi kabla jua halijatua, na kipimo chake kinaitwa chakula cha Ben Derosai, mnyang'anyi aliyekula vyakula vyake kabla havijaiva vizuri kwa kukosa utulivu. Poland na Lithuania chungu kilikuwa cha maharage, shayiri, viazi na nyama, kikipelekwa Ijumaa kwenye tanuri la mwoka mikate wa mji, na kesho watu wanakuja kila mmoja kuchukua chake. Wayahudi wa Baghdad waliweka kuku na wali. Wa Morocco waliweka mayai mazima humo humo, yakatoka na rangi ya kahawa mpaka ndani. Wa Yemen waliufungia chunguni mkate wa samli uitwao kubane, asubuhi nyumba nzima ikanukia. Aliyekula bokoboko iliyokesha jikoni hahitaji nimweleze usiku unavyopika.

Mjini Yerusalemu king'ora hulia dakika 40 kabla ya jua kutua. Sehemu nyingi nyingine desturi ni dakika 18. Ndipo mwanamke wa nyumba anawasha taa, na hapa pana fundo la kisheria lililofunguliwa kwa viganja viwili. Kwa kawaida baraka husomwa kabla ya tendo. Lakini akiisoma baraka ya taa za Sabato, Sabato imekwisha kumwingia, na moto hauwashwi tena. Atafanyaje? Anawasha kwanza. Anayafunika macho kwa viganja, asiuone mwanga. Anasoma baraka gizani, na mara nyingi hukawia humo, akiwaombea watoto wake mmoja mmoja. Kisha anaondoa mikono, na mwanga anaouona wakati huo ndio kwake mwanga ulioanza sasa.

Sinagogi wanaimba Lecha Dodi, shairi la Shlomo Alkabetz wa mji wa Safed, la karne ya 16, linaloipokea Sabato kama bibi harusi. Kwenye ubeti wa mwisho wote hugeuka kuutazama mlango, na kuinama. Washairi wetu waliozoea kujitaja mwishoni mwa utenzi watapenda jambo hili: herufi za kwanza za beti zake nane za mwanzo zinaandika Shlomo Halevi. Huimbwa kwa sauti zisizohesabika, na mojawapo iko karibu nasi, kwenye vilima vya Mbale, Uganda, kwa Abayudaya. Jumuiya hiyo ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, mwaka 1919. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, waliobaki nayo walisali kwa kujificha. Leo wanaipokea Sabato kwa Kiebrania na Kiganda, pamoja na gitaa na ngoma, zaburi zikiitikiwa kwa namna ambayo mtu yeyote wa Afrika Mashariki angejiunga nayo.

Kazi nyingine ya kustahiwa haionekani mpaka uoneshwe. Kwa kuwa kubeba kitu barabarani ni kazi ya 39, mama mwenye mtoto mchanga angefungiwa nyumbani. Mafundi wa sheria wakasema: mtaa ukizungushiwa mpaka, unaweza kuwa kama nyumba moja. Mpaka wenyewe, eruvi, mara nyingi ni nguzo na waya tu. Lakini nguzo mbili na waya juu yake ni umbo la mlango, na kwa sababu hiyo waya lazima upite juu ya kichwa cha nguzo, kama kizingiti, usiambatishwe ubavuni. Kila juma, kabla ya Sabato, mtu anauzunguka mpaka mzima shingo ikiwa juu, akitafuta ulipokatika kwa upepo au tawi. Manhattan ina wake. Mamilioni hupita chini yake bila kujua wamo ndani ya nyumba.

Siku yenyewe ikiingia, kuna machache ya kueleza. Sala, Torati inasomwa, milo mitatu, usingizi wa mchana, kutembea kwa miguu kwenda kuwaona wazee. Akiugua mtu ugonjwa wa hatari, simu inashikwa na gari linawashwa papo hapo, na anayesita kuuliza sheria kwanza amekosea. Abraham Joshua Heschel, aliyezaliwa Warsaw akafia New York, aliandika mwaka 1951 kitabu kidogo kuhusu Sabato, akiieleza kuwa jengo lililojengwa ndani ya wakati. Ukisha kuziona kazi za Ijumaa, unaona alikuwa akisema jambo la wazi kabisa.

Nyota tatu zikionekana Jumamosi, Sabato inasindikizwa. Kikombe cha divai kinajazwa mpaka kimwagike. Kijisanduku cha manukato kinapita mkono kwa mkono, ndani yake mara nyingi ni karafuu, ili roho itulie kwa kuondokewa na roho ya ziada inayosemekana humjia mtu siku ya Sabato. Mshumaa nao ni wa kusuka, wenye tambi kadhaa, ukiwaka kwa mwali mkubwa wa mwenge. Kila mtu anakunja vidole na kutazama mwanga kwenye kucha zake, ili moto usitajwe bure bila kutumiwa. Kisha mshumaa unazamishwa kwenye divai iliyomwagika sahanini, unafoka, unazimika.

Usiku wa Jumapili umeingia, kama bibi yangu angeuita. Mtu anawasha taa ya jikoni. Bomba linafunguliwa juu ya sahani za tangu jana. Balbu ya friji inakazwa tena, na mwanga wake unapoangukia rafu ya chini kuna komamanga moja kubwa, jekundu, lisilo na alama. Analishika, analigeuza, na kulirudisha nyuma kabisa, kwa ajili ya Ijumaa.